Biti ya mapigo saba isiyokuangusha: mwongozo kamili wa kuoanisha hip hop na roki ya progresivu ukiwa Dodoma

Wadau, naandika hii kwa sababu nimeshajibu swali moja, la jinsi ya kuchana juu ya mapigo saba bila kuanguka, mara nyingi sana kwa meseji za sauti, na kila nikimaliza na mmoja anakuja mwingine na ngoma yake imeanguka palepale. Mnapenda mambo ya roki ya progresivu, zile hesabu zisizo za kawaida, mnataka kuchana juu yake, alafu ikifika pigo la saba kila kitu kinamwagika.

Makosa ninayoyasikia ni matatu. La kwanza, mtu anachukua biti ya kawaida ya mapigo manne, anakata kipande cha mwisho anadhani amepata saba, kumbe amepata biti inayojikwaa kama sidii iliyokwaruzwa. La pili, biti iko freshi kabisa ila mchanaji anaanguka mzunguko wa tatu, anakimbizana na dramu mpaka mwisho wa vesi. La tatu ni letu sisi wa huku Dodoma: mtu anaweka ilimba (ile ala ya Wagogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) au zeze juu ya kinanda cha kompyuta na vinagombana, alafu anaamua kwamba ilimba ndo mbovu. Ilimba sio mbovu, tutafika huko.

Historia ya progu (yaani hiyo roki ya progresivu) na ya hip hop sitaigusa. Twende kwenye kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi, GB 8 ndo utapumua.
- Programu ya kutengenezea muziki. Mimi natumia FL Studio na Reaper, ila LMMS ni ya bure na inatosha kwa hatua zote za dramu.
- Hedifoni za waya. Zile za bluetooth zinachelewesha sauti, na kwenye hesabu ya saba ucheleweshaji mdogo tu unakuharibia kila kitu utakachorekodi.
- Maiki moja ya kueleweka na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta. Kama huna, simu nzuri iliyowekwa sehemu tulivu inaweza kukuvusha kwenye rekodi ya kwanza.
- Blanketi mbili nzito.
- Ilimba, zeze au gitaa, pamoja na mtu anayejua kukipiga. Huyu mtu ni muhimu kuliko kompyuta.
- Daftari na kalamu. Naomba usiandike kwenye simu, nitakwambia kwanini.
- UPS au betri ya kompyuta iliyojaa, na flashi ya kuhifadhia nakala.

## Hatua ya 1: weka saba mdomoni kabla ya kuiweka kwenye kompyuta

Hapa ndo karibu wote mnaruka, na hapa ndo mnapoangukia.

Ukihesabu "moja mbili tatu nne tano sita saba" utapotea, kwa sababu maneno yenyewe hayana urefu sawa. "Moja" ina silabi mbili, "tatu" mbili, "nne" inabanwa, yaani unahesabu huku ulimi unakudanganya. Tumia maneno yenye silabi saba kamili, silabi moja kwa kila pigo. Mimi natumia haya:

ju-a, vu-mbi, za-bi-bu

Yote ni mambo ya Dodoma, huwezi kuyasahau. Sema taratibu huku unapiga paja, pigo moja kwa kila silabi. Rudia mara ishirini bila kusimama katikati, "bu" ikiisha "ju" inaingia hapohapo.

Sasa sikiliza mdomo wako unakaza wapi. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unasema JU-a, VU-mbi, za-BI-bu. Hesabu: mkazo umeangukia pigo la 1, la 3 na la 6. Hapo umeshapata ramani ya dramu zako bila kugusa hata kitufe kimoja, na ni ramani iliyotoka kwenye lugha unayochania, ndo maana mistari itakuja kukaa yenyewe huko mbele.

Baada ya hapo simama, utembee uani. Hatua moja kwa kila silabi. "Ju" ya kwanza ikianza na mguu wa kulia, "ju" ya pili lazima ianze na mguu wa kushoto, kwa sababu saba ni witiri. Ya tatu inarudi kulia.

Tahadhari: kama "ju" inaangukia mguu wa kulia kila mara, unaongeza pigo la nane kimyakimya bila kujijua. Mwili umezoea nne na nane, unajisahihishia wenyewe. Rudi kukaa, anza upya.

Umefaulu ukiona: unaweza kutembea dakika mbili huku mtu anakuongelesha na hupotei. Wengine inawachukua siku moja, wengine wiki, na usione aibu.

## Hatua ya 2: sikiliza nyimbo tatu kwa kazi maalum

Usisikilize kwa starehe, sikiliza na paja.

Ya kwanza ni "Money" ya Pink Floyd, 1973. Besi inaenda kwa saba, na hata ile milio ya sarafu na mashine ya pesa mwanzoni imepangwa kwa saba. Sema jua vumbi zabibu juu yake. Ikifika solo ya saksafoni bado uko saba, alafu ikiingia solo ya gitaa utashangaa umepotea, kwa sababu hapo wamehamia kwenye nne. Kumbuka sana hiyo hila, tutaitumia kwenye hatua ya 8.

Ya pili ni "Solsbury Hill" ya Peter Gabriel, 1977. Hii nayo ni saba ila ni nyepesi, mtu anaweza kuiimba miaka na asijue. Gabriel ndiye alikuwa mwimbaji wa Genesis, moja ya bendi kubwa za progu, na baadaye mwaka 1989 akaanzisha lebo ya Real World, lebo hiyohiyo iliyotoa kazi za Mgogo wetu, marehemu Hukwe Zawose, na ilimba yake. Kwa hiyo mtu akikwambia ilimba na progu havina undugu, mwambie watu wa pande zote mbili walishakaa meza moja zamani.

Ya tatu ni "Power" ya Kanye West, 2010. Ile sauti iliyopotoshwa inayokuja na neno la "schizoid" ni sampo (kipande kilichokatwa kwenye rekodi nyingine) ya King Crimson, bendi ya progu, kutoka wimbo wa mwaka 1969. Sikiliza jinsi alivyofanya: amechukua kipande cha progu akakipandisha juu ya dramu za nne zilizonyooka. Wanahip hop wengi wanafanya hivyo, wanainyoosha progu. Ni njia halali kabisa, ila sisi leo tunafanya kinyume, tunaipeleka hip hop kwenye saba.

## Hatua ya 3: fungua mradi kwa tempo ya 84

Weka tempo 84, yaani mapigo 84 kwa dakika, na sio 85 wala 90. Sababu ni ya hesabu: kwa tempo ya 84, mapigo saba yanachukua sekunde 5 kamili. Mizunguko minne ni sekunde 20, mizunguko kumi na mbili ni dakika moja. Yaani unaweza kukagua kazi yako kwa kuangalia saa tu, na ukikata sampo unajua lazima iwe na urefu wa sekunde 5 bila mjadala.

Kwenye FL Studio paterni inakuja na vijumba 16. Badilisha viwe 28, kwa sababu kila pigo lina vijumba vinne na mapigo ni saba. Kwenye Reaper weka alama ya 7/4 (mapigo saba kwa mzunguko) mwanzoni mwa mradi, ubonyeze Shift na C, ili gridi na metronomu vijue unafanya nini.

Tahadhari: usiache mradi kwenye 4/4 ukasema "nitahesabu mwenyewe". Ukija kunakili vipande, programu itavisogeza kwenye mistari ya nne na hutaelewa kosa limetoka wapi. Nilipoteza usiku mzima hivyo, nasogeza snea (ile dramu yenye mlio mkali) kwa mkono moja moja.

Hifadhi mradi sasa hivi, kabla ya sauti yoyote, na uendelee kuhifadhi kila ukimaliza kitu. Umeme hautoi taarifa.

## Hatua ya 4: dramu zinazofuata mdomo

Vijumba vyako vya mapigo ni hivi: pigo la 1 ni kijumba cha 1, la 2 ni cha 5, la 3 ni cha 9, la 4 ni cha 13, la 5 ni cha 17, la 6 ni cha 21, la 7 ni cha 25.

Anza na snea. Iweke kijumba cha 9 na cha 21, yaani pigo la 3 na la 6, palepale kwenye VU na BI. Usiongeze nyingine. Snea mbili kwa mzunguko ndo zinamfanya msikilizaji wa hip hop atikise kichwa, maana anachosubiri yeye ni snea, hesabu hana habari nayo. Akiipata sehemu ileile kila mara anatulia.

Alafu kiki, ile dramu nzito ya chini: kijumba cha 1, cha 6, cha 13 na cha 19. Ile ya 6 na ya 19 zinasukuma kuelekea snea, bila hizo biti inakuwa na miguu ya mbao.

Haihati, zile sahani mbili zinazogongana, ziende kila baada ya kijumba kimoja: 1, 3, 5 na kuendelea. Ila futa ya 27. Acha uwazi pale mwishoni. Pigo la saba lisiwe na kiki wala snea, libaki na haihati moja tu na hewa. Wengi wenu mnaliogopa hilo pigo mnalijaza madoido, rola za snea, milipuko, na ndo maana mchanaji anaanguka, hana mlango wa kuvuta pumzi. Pigo la saba ni mlango, uache wazi.

Umefaulu ukiona: umempigia mtu asiyejua muziki, labda shangazi anayepita na ndoo, na kichwa chake kimetikisika kabla hajauliza chochote. Akiuliza "mbona inaruka?" basi snea zako hazipo sawa au umejaza pigo la saba.

Kama mchanaji wako bado hawezi saba kabisa na una haraka, kuna njia ya pembeni. Dramu ziache kwenye nne za kawaida, na sampo tu ndo iwe ya saba. Vitu hivi viwili vitaachana alafu vitakutana tena baada ya mapigo 28, kwa sababu mara nne za saba ni sawa na mara saba za nne. Kwa tempo yetu ni kila sekunde 20. Mchanaji anashika dramu anachana kama kawaida, huku sampo inateleza chini yake na kurudi nyumbani. Inasikika kubwa sana ikifanywa vizuri. Sharti ni moja: sampo isiwe na dramu ndani yake, la sivyo utasikia watu wawili wanagombana mlangoni.

## Hatua ya 5: kurekodi ilimba bila kuiua

Unaweza kutumia gitaa, hatua ni zilezile, ila nitaongelea ilimba kwa sababu ndo mnaloharibu zaidi, na kwa sababu naipenda.

Kwanza mtu. Ukienda kwa mzee wa ilimba, iwe Chamwino au Bahi au hapahapa mjini, usianze na maiki. Mbukwenyi (salamu ya Kigogo), shikamoo babu, kaa chini, sikiliza, kunywa unachopewa. Mwambie wazi unataka kufanya nini na rekodi na mkubaliane malipo kabla ya kurekodi, sio baada. Nimewahi kuona mzee akirekodiwa nusu siku na kuondokewa na "tutawasiliana", na hilo ndo linafanya wengine wafunge milango.

Pili wakati. Miezi ya katikati ya mwaka upepo wa Dodoma hauna huruma, mchana huwezi kupata dakika mbili safi. Na nyumba ya bati ina tatizo jingine ambalo hulisikii mpaka uvae hedifoni: jua likizama bati linapoa na kulia tik, tik, tik kwa muda mrefu. Subiri mpaka saa tatu usiku, bati limeshatulia, upepo mara nyingi umepungua. Blanketi moja itundike nyuma ya mpigaji, nyingine dirishani.

Tatu maiki. Iweke kama shibiri moja na nusu kutoka kwenye ilimba, ielekee kwenye vyuma na sio kwenye tundu moja kwa moja. Ule mvumo wa zzz unaotoka pamoja na noti ni sehemu ya ala, mafundi wameuweka kwa makusudi. Usiufute. Ukitaka kujua thamani yake, utege baadaye chini ya gitaa lililopotoshwa la kiprogu, utaona vinavyoshikana.

Usimlazimishe mzee apige saba. Mwache apige yake, dakika kumi, kumi na tano. Alafu wewe ukiwa nyumbani utatafuta humo kipande kinachokubali mapigo saba, na kipo karibu kila mara, kwa sababu vifungu vya ilimba vinajizungusha na kujirudia. Kikate kwa uangalifu: anza pale chuma kinapogongwa, maliza pale wimbi la sauti linapokatiza mstari wa kati, na uweke kufifia kidogo sana mwishoni, milisekunde 5 inatosha, la sivyo kila mzunguko utasikia "tak".

Urefu uwe sekunde 5. Kikija sekunde 4.8 au 5.2 programu ikinyoosha hutasikia madhara. Kikija sekunde 6, usikivute, ule mgongo wa chuma mwanzoni mwa noti utayeyuka kama sabuni. Tafuta kipande kingine.

## Hatua ya 6: besi na ule ugomvi wa ilimba na kinanda

Hapa naomba utulie usome mara mbili.

Kinanda cha kompyuta kimegawanya oktava kwenye vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande senti 100 (senti ni kipimo kidogo cha tofauti ya sauti). Muziki wa Wagogo haukutoka huko. Noti zake zinafuata zile sauti za asili zinazojitokeza ndani ya noti moja nzito, na kati ya hizo ipo ya saba, ambayo iko senti 31 chini ya noti ya kinanda inayofanana nayo. Ipo na ya tano, ambayo iko senti 14 chini. Kwa hiyo ukibonyeza kinanda juu ya ilimba, noti mbili hizo zitagongana, na sikio la kila mtu litasema kuna kitu kibovu.

Mwaka wa kwanza nilipojaribu, nilichukua rekodi nzuri sana ya ilimba nikaipitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti, ikavuta kila noti mpaka kwenye kinanda. Nikaisikiliza. Ilikuwa imekuwa mlio wa simu. Noti zote zipo, mtu hayupo. Nikaenda kumsikilizisha mwenyewe aliyepiga, akaniuliza kwa upole kabisa, "hii nani amepiga?" Tangu siku hiyo sijagusa tena noti ya ilimba, nasogeza vingine vyote viifuate.

Fanya hivi:

1. Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu, pima noti nzito ya nyumbani ya ilimba. Labda itasoma G lakini chini kwa senti 22.
2. Sogeza besi na kinanda chako chote kwa senti hizohizo. Kila ala ya kompyuta ina kitufe cha kusogeza senti, kitafute.
3. Besi ipige noti mbili tu, ile ya nyumbani na ya tano yake kwenye ngazi. Hizo mbili zinakubaliana na kinanda, tofauti yake ni senti 2 tu, hakuna sikio litakalolalamika. Noti ya tatu na ya saba za ngazi, ndo zile mbili zinazogongana, iachie ilimba, ni mali yake.
4. Ukitaka gitaa zito la kiprogu, nalo lipige noti hizohizo mbili. Gitaa lililopotoshwa halihitaji zaidi, ndo linanguruma vizuri hivyo.

Umefaulu ukiona: ukizima ilimba wimbo unasikika mtupu, ukiiwasha husikii mtetemo wa wo-wo-wo kati yake na besi. Huo mtetemo ukiwepo, senti zako bado hazijakaa.

## Hatua ya 7: kuandika mistari inayokaa kwenye saba

Sasa kile nilichotamani mtu aniambie zamani. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mstari, nane na nane, lina kina cha kati na kina cha mwisho. Na biti yetu ina snea mbili. Kina cha kati kinakaa kwenye snea ya kwanza, kina cha mwisho kinakaa kwenye snea ya pili, alafu pigo la saba unavuta pumzi. Mpangilio tuliosomeshwa shuleni tukaona hauna kazi, unaingia humu kama mguu kwenye kiatu chake.

Angalia mistari hii miwili:

*Vumbi limenipa rangi, jua likanipa sura*
*Njia zangu zina mengi, moyo hauna hasira*

Hesabu mizani, nane kila kipande. Sasa weka juu ya dramu: "vumbi limenipa" silabi sita zinaenea kwenye pigo la 1 na la 2, alafu RA ya rangi inagonga snea ya pigo la 3, "ngi" inamalizikia hapohapo. "Jua likanipa" inajaza pigo la 4 na la 5, SU ya sura inagonga snea ya pigo la 6, "ra" inadondoka. Pigo la 7 kimya. Vuta pumzi. "Njia zangu zina", ME-ngi. Unaona?

Siri iko kwenye ule mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Usipeleke silabi ya mwisho kwenye snea, peleka ile iliyokazwa. Mchanaji anayeanguka, mara nyingi kosa lake ni hilo moja: anajaribu kugongesha "ngi" kwenye snea, anachelewa nusu pigo, anakimbia kufidia, mzunguko wa tatu yuko nje.

Ndo maana nikasema daftari. Gawanya ukurasa kwa mistari ya kusimama upate vyumba saba, andika silabi ndani ya vyumba vyake, kwa mkono. Kwenye simu huwezi kuona chumba cha saba kilivyo kitupu, na utajaza tu.

Dogo mmoja wa Chang'ombe, mkali sana wa kuchana kwa nne, alihangaika na biti yangu wiki mbili, anaanguka tu. Nikampa ukurasa wenye vyumba saba. Akaandika, akanyamaza, akasema "kumbe nilikuwa naongea sana". Akafuta silabi tano tano kwa kila mstari, jioni ileile akapita vesi nzima.

Ukishazoea vunja sheria, mizani 20, 22, vina vya ndani, jaza mpaka pigo la saba mara moja moja ili msikilizaji ashtuke. Ila kwanza mizani 16.

## Hatua ya 8: muundo wa wimbo

Progu inapenda sehemu zinazobadilika, hip hop inapenda kurudia. Huu ni muundo ambao umenifanyia kazi:

- Mwanzo: ilimba peke yake, mizunguko 4, sekunde 20.
- Vesi ya kwanza: mizunguko 12, dakika moja.
- Korasi: hamia kwenye nne, ba 8 (mizunguko 8 ya mapigo manne). Ndo ile hila ya gitaa la "Money". Baada ya dakika nzima ya saba, nne inaingia kama barabara ya lami baada ya njia ya makorongo, watu wote wanaimba.
- Vesi ya pili: rudi saba, mizunguko 12.
- Daraja: hapa weka tano, "vumbi zabibu", na gitaa zito, bila mchano. Mizunguko 8.
- Korasi ya mwisho mara mbili, alafu ilimba imalize peke yake.

Tahadhari: kila unapohama hesabu, mchanaji asikie kiki kwenye pigo la 1 la hesabu mpya, na crash moja ya sahani ya dramu. Usihamie kimyakimya. Na kwenye programu weka alama ya hesabu mpya palepale, la sivyo gridi ya korasi yote itakaa kombo.

## Hatua ya 9: kurekodi sauti

Hii fupi. Mchanaji asirekodi na metronomu masikioni, inamgeuza askari wa gwaride. Mpe dramu na besi tu, ilimba iwe chini sana. Asimame, asikae, na ahame mguu kama tulivyofanya uani. Rekodi vesi nzima kwa mkupuo mara tatu nne, chagua moja, usishone vipande vya mstari mmoja mmoja kwa sababu pumzi ya pigo la saba itakuwa tofauti kila mahali na itasikika.

## Hatua ya 10: ruhusa, kabla hujaachia

Kama umetumia ilimba uliyoirekodi mwenyewe na mmekubaliana na mpigaji, andikeni karatasi, hata ya mkono, mweke sahihi, jina lake liwepo kwenye kazi, alafu msajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ni ya mwaka 1999 na inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe.

Kama umekata sampo kwenye rekodi ya bendi ya nje unahitaji ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi, na kuipata sio mwisho wa maneno. Ile "Power", iliyotoka 2010 na kampuni kubwa nyuma yake, mwaka 2022 bado ilipelekwa mahakamani London na wenye haki za rekodi ya King Crimson kuhusu malipo. Wewe wa Nkuhungu mwenye kompyuta moja, rekodi ilimba yako.

## Jaribio la mwisho

Usimalizie miksi kwenye hedifoni. Weka wimbo kwenye flashi, nenda nao kwenye spika ndogo ya kinyozi, alafu kwenye bajaji, alafu kwenye simu iliyo mfukoni. Kinyozi atakuonyesha kama besi imezidi, kwenye bajaji utajua kama maneno yanasikika juu ya injini, na simu itakwambia kama snea ipo. Rekebisha kimoja kimoja, usishike vitu vitatu kwa wakati mmoja.

Alafu mpelekee yule mzee wa ilimba kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpigie, nyamaza, angalia mguu wake.